Nyama ya Nani?

Wifi yangu alipoichomoa flashi mkobani na kuiweka juu ya televisheni, alitanguliza neno la kututuliza: "Hii fupi." Alijua anaongea na watu wa namna gani. Nyumba yetu iliwahi kuiangalia sizoni ya Jumong yote, sehemu 81, na katika kipindi kile wali uliungua, watoto walilala bila kuoga, na fundi cherehani wa chumba cha nne alishona gauni la bibi harusi lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, kwa kuwa kitambaa kilikuwa mapajani na macho yalikuwa kwa Daeso akimwinda Jumong. Safari hii, wifi alisema, ni sehemu 10 tu, wiki haikatiki. "Ila inatisha kidogo."

Hiyo "kidogo" yake ndiyo iliyomwaga kilo mbili za nyama ya ng'ombe kwenye mchanga wa uani na kutukosanisha na mama mwenye nyumba.

Tunakaa Mwananyamala, Dar es Salaam, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, na uani kuna bomba, majiko, bafu na choo. Kuta hazijafika kwenye bati. Juu pameachwa wazi ili hewa ipite, na pamoja na hewa hupita kila kitu: harufu ya dagaa, kilio cha mtoto, ugomvi wa mke na mume. Kinachosemwa chumba cha kwanza hufika cha sita kikiwa bado cha moto. Sisi tuna vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine ambacho mchana ni sebule na usiku ni cha watoto, cha mama mkwe wangu aliyekuja kutoka Muheza kutolewa mtoto wa jicho, na cha wifi ambaye anapita tu akitafuta chumba karibu na chuo.

Mama mwenye nyumba ni mjane. Anakaa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, na utawala wake una vyombo viwili. Cha kwanza ni daftari la luku, ambamo kila mpangaji ameandikwa kwa idadi ya vichwa vyake na hulipa umeme kwa vichwa hivyo. Cha pili ni sahani. Kila Ijumaa anapika, pilau au biriani, na kila mlango unapata sahani yake iliyofunikwa kwa kawa, hata mlango unaodaiwa kodi. Mtu akiwa na shida na daftari, hunyamaza kwa ajili ya sahani. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi kwa amani.

Sizoni yenyewe inaitwa Strangers from Hell. Ni ya Korea Kusini, ilirushwa na kituo cha OCN kuanzia 31 Agosti hadi 6 Oktoba 2019, na hadithi yake ilitoka kwenye katuni ya mtandaoni ya mchoraji Kim Yong-ki. Kijana aitwaye Yoon Jong-woo anaondoka mkoani kwenda Seoul kuanza kazi kwenye kampuni ndogo ya mtu waliyesoma naye chuo. Mfukoni hana kitu. Anazunguka kutafuta chumba mpaka anafika kwenye jengo chakavu juu ya kilima, Eden Goshiwon, anapewa chumba namba 303. Majirani zake ni watu wa ajabu: mmoja anacheka peke yake, mwingine anachungulia, mwingine hasemi. Mwenye nyumba ni mama mchangamfu wa mayai ya kuchemsha na maneno matamu. Zaidi ya hapo wifi alikataa kusema.

Mama mkwe hakukubali kuendelea kabla ya kuelewa goshiwon ni nyumba ya aina gani. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa bandeji, lakini lile jingine liliona kwamba kijana akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Wifi akasimamisha picha na kutueleza. Vyumba vile vilianza kwa ajili ya watahiniwa waliojifungia kusoma mitihani ya kuingia serikalini na ya sheria. Baadaye vikawa makazi ya watu wa kipato kidogo, kwa sababu kupanga nyumba ya kawaida Korea kunadai amana kubwa. Kuna hata utaratibu wanaouita jeonse: mpangaji anamkabidhi mwenye nyumba donge zima la fedha, halafu halipi kodi ya mwezi hata kidogo, na siku ya kuhama anarudishiwa donge lake. Asiye na donge ndiye anayeishia goshiwon, kitanda na meza, jiko la wote lenye wali na kimchi, kodi mwezi kwa mwezi.

"Anarudishiwa lote?" mama mkwe akauliza.

"Lote, mama."

Baba watoto, ambaye siku chache nyuma alikuwa amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na hategemei kuiona tena maishani, akatoka kwenda kunywa maji.

"Na moto ukiwaka, humo wanatokaje?"

Wifi akasema moto uliwaka kweli. Alfajiri ya 9 Novemba 2018 goshiwon moja katika wilaya ya Jongno, katikati ya Seoul, iliungua, wakafa watu 7, wengi wao watu wazima waliokuwa wakiishi kwa vibarua. Sizoni ilitoka mwaka uliofuata. Nadhani ndiyo sababu waliotengeneza hawakupoteza muda kueleza korido ile nyembamba yenye milango iliyobanana. Watazamaji wao walikuwa wameiona kwenye habari. Mama mkwe akasema haya, endeleeni, ila akahama kutoka kwenye mkeka na kukaa karibu na mlango.

Flashi ilikuwa ya kutafsiriwa. Tangu enzi za mikanda ya VHS na sauti ya mtafsiri Lufufu, Dar es Salaam haioni sababu ya mtu kusoma maandishi chini ya picha wakati yupo mwanamume wa kumpigia kelele kila kitu. Mtafsiri wetu huyu alikuwa wa kizazi kipya, mwenye maoni kuliko tafsiri. Jong-woo alimwita "steringi". Mapacha wa pale gesti, maana yeye goshiwon aliiita gesti, wakawa Kulwa na Doto. Daktari wa meno wa chumba 304 akawa Daktari Meno. Na yule mama wa mayai hakumpa jina lolote, alimwita tu "mama mwenye nyumba", kwa sauti ya kutangaza goli, na sabufa ya baba watoto ikaisukuma sauti hiyo mpaka juu ya bati.

Sikulitilia maanani wakati ule. Hakuna aliyelitilia maanani.

Watazamaji walijipanga kwa desturi. Mama mkwe na watoto mkekani mpaka saa ya kulala, mimi na wifi kwenye kochi, Mama Naimani wa chumba cha tano na ungo wake wa mchele, fundi akiegemea fremu ya mlango kama mtu anayeondoka sasa hivi, na kijana wa bodaboda wa chumba cha sita juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenye nyumba peke yake hakuja. Yeye na redio yake walishaamua kwamba picha ni za watu wasio na kazi.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mchambuzi. Damu haikumsumbua, amechinja kuku maisha yake yote. Kilichomsumbua ni mengine. "Kijana huyu hajaaga kwao?" Ameaga, mama, anampigia mama yake simu. "Sasa mbona hawamtafutii ndugu wa kufikia?" Hawana ndugu Seoul. "Hata wa mbali?" Hata wa mbali. Alipomwona Jong-woo akila jikoni peke yake huku mtu mwingine akila peke yake meza hiyohiyo, alifunika jicho zima kwa kanga. Yule mama alipotokea na mayai akimlazimisha kijana ale, mama mkwe akashusha pumzi: "Afadhali. Huyu mama ndiye mwenye utu humo ndani."

Wifi akakohoa.

"Una kikohozi?"

"Hapana, mama."

Mgogoro wa kwanza uliletwa na Lee Dong-wook. Huyu ndiye anayeigiza daktari wa meno, na sisi wanawake wa nyumba hii tulimfahamu zamani kwenye Goblin, ile ya mwisho wa 2016, alipokuwa Israili mtoa roho aliyevaa kofia nyeusi na kulia kwa mapenzi. Mama Naimani alikuwa na picha yake kwenye simu. Kwa hiyo fundi aliposema "Huyu ndiye adui," tulimzomea. Mwanamume aliyewahi kuwa Israili mwenye huruma hawezi kushindwa kuwa daktari wa meno mwenye huruma. Tukaendelea kumtetea hata alipoanza kumwita Jong-woo "mpenzi" kwa sauti ya chini. Tulimtetea mpaka tulipoiona bangili yake kwa karibu. Imetungwa kwa meno. Mama Naimani aliweka ungo chini, akachukua simu, akabadilisha picha ya mbele ikawa ya mwanawe.

Niseme jambo moja kuhusu utengenezaji wa kitu hiki, kwa sababu nimeangalia za mapanga na za mazombi na nikalala vizuri. Nusu ya kwanza ina damu kidogo sana. Mwongozaji, Lee Chang-hee, anakutisha kwa vitu ambavyo kila mpangaji anavijua: mtu anayeburuta kandambili nje ya mlango wako kisha asipite, kicheko cha Doto kikitokea upande usiotarajia, kuingia chumbani jioni na kuhisi kwamba mto hukuuacha hivi. Im Si-wan, aliyeigiza Jong-woo akiwa ametoka jeshini mwaka huohuo, hafanyi kazi kubwa usoni. Anasikiliza tu. Na wewe unaanza kusikiliza naye, na baada ya televisheni kuzimwa unagundua hujaacha. Nyumba yenye kuta zisizofika juu si mahali pa kuanza kusikiliza.

Mambo yakaanza kubadilika kwa zamu. Choo kiko uani, na hapo awali mtu alikuwa akijisikia haja usiku anakwenda. Sasa tukawa tunaamshana. Mimi namwamsha wifi, wifi anamwamsha Mama Naimani kwa kugonga ukuta, tunakwenda watatu na tochi za simu, na mwenye haja akiwa ndani waliobaki nje wanatakiwa kuimba ili ajue bado wapo. Kijana wa bodaboda, mwanamume wa kukatiza Kigogo saa nane za usiku, aliomba kopo. Watoto waliokuwa wamefukuzwa kwenda kulala tangu sehemu ya pili walikuwa wanaangalia kupitia tundu la shuka, jambo tulilolijua baadaye kabisa. Paka wa mwenye nyumba alipotoweka kama paka wanavyotoweka, binti yangu wa miaka saba aliniambia kwa utulivu kwamba kwenye goshiwon nako walianza na paka. Kweli ndivyo ilivyo. Sehemu ya kwanza kuna askari binti anayefuatilia nani anaua paka wa mtaa. Lakini yeye alipaswa kuwa amelala.

Kisha tukafika pale ambapo mayai ya yule mama yanaeleweka. Sitaki kuingia ndani sana. Itoshe kusema kwamba wapangaji wanaopotea Eden Goshiwon hawaendi mbali, na kuna usiku juu ya paa ambapo Daktari Meno anamkaribisha Jong-woo bia na nyama, kijana anatafuna, anatafuna tena, kisha anauliza ni nyama gani. Mtafsiri hapo alipandisha sauti yote aliyojaliwa na Mungu: "Mama mwenye nyumba huyo! Muuaji mkubwa! Wapangaji, msile chakula chake!" Sisi tukapiga kelele na kucheka, maana kicheko ndicho kilichokuwa karibu. Ulikuwa usiku. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa mama mwenye nyumba huamka saa kumi alfajiri. Siku zote. Anaosha nyama, anavinoa visu vyake kwenye ngazi ya saruji ya uani, anakata vipande na kuviweka kwenye beseni na viungo ili mpaka saa tatu viwe vimekolea. Sote tunalijua hilo, sauti ya kisu kwenye saruji ndiyo saa yetu ya kengele siku ya Ijumaa.

Fundi naye alilijua. Lakini fundi aliyetoka na haja alfajiri ile, peke yake, kwa kuwa aliona aibu kumwamsha mtu, hakuwa fundi wa siku zote. Anasema alisikia "shwaa, shwaa" akafikiri ni ndani ya kichwa chake. Akafungua mlango wa uani. Umeme wa nje hatuuwashi, gharama. Mbele yake, kwa mwanga wa tochi ndogo iliyosimamishwa kwenye kikombe, mama mmoja ameinama juu ya beseni, kisu mkononi, na akamgeukia na kutabasamu, akasema kwa upole, "Umeamka, mwanangu? Leo utakula vizuri."

Ukelele alioupiga fundi uliamsha nyumba tatu. Alirudi kinyumenyume, akakanyaga kandambili ya mtu, akashika kamba ya nguo, kamba ikakatika, na katika kuanguka mguu wake ukalikuta beseni. Tulipofika na tochi zetu alikuwa amekaa chini amejifunika shuka la mtu mwingine, nyama yote imetapakaa mchangani, na mama mwenye nyumba amesimama na kisu chake akisema, "Ana degedege? Mshikeni mikono!" Fundi alipoona kisu kinasogea kwa nia ya kumsaidia, akapiga ukelele wa pili.

Alisema aliota ndoto mbaya. Mama wa watu akakubali, akamsomea dua kichwani, akaenda buchani asubuhi kwa fedha yake nyingine, akapika. Angeweza kuacha kupika siku ile na hakuna ambaye angemlaumu. Alichelewa kidogo, lakini sahani zilipita.

Na zikafika kwetu. Alikuwa mwenyewe mlangoni, kitenge kipya, sahani mikono miwili. "Hodi wenyewe." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Binti yangu akatangulia kupokea, kama tulivyomfundisha, kwa mikono miwili na kwa kupiga goti. Akafunua kawa. Akatazama. Kisha akainua uso na kuuliza kwa heshima zote:

"Bibi, hii nyama ya nani?"

Watoto hukosea "nini" na "nani", na ningeweza kulipitisha hapo. Mama mwenye nyumba mwenyewe alianza kucheka. Tatizo ni kwamba nyuma yangu, wifi alicheka kwa namna nyingine, ya mtu aliyejiziba mdomo akashindwa; na kutoka chumba cha sita, juu ya ukuta usiofika kwenye bati, kijana wa bodaboda akajibu, "Ya mpangaji!"

Alituangalia mmoja mmoja. Akaichukua sahani yake kutoka mikononi mwa mtoto, akaifunika vizuri, akaondoka nayo.

Sahani za vyumba vingine nazo zilirudishwa, kwa kuwa zilikutwa hazijaguswa. Mama Naimani alikuwa ameisogeza yake chini ya meza ili aifikirie kwanza. Fundi yake aliiweka nje ya dirisha. Hakuna kati yao aliyeamini kitu chochote, na wote wamesisitiza hivyo mbele yangu. Walikuwa tu hawasikii njaa.

Jioni kwenye mlango wa choo kukabandikwa karatasi ya daftari: televisheni mwisho saa tatu usiku, sabufa inalipiwa peke yake, maji ya kuoga ndoo moja kwa kichwa. Salamu zikawa za kujibiwa kwa kukohoa. Kwa watu waliozoea kugawiwa chakula, ule ukimya ulikuwa adhabu kubwa kuliko karatasi. Na sizoni ilikuwa imefika sehemu ya saba. Hatukuweza kuiangalia kwa sababu ya saa tatu, wala kuacha kuizungumzia, na wifi aliyejua mwisho alianza kutuuzia. Kijana wa bodaboda alimpeleka chuo asubuhi bure ili aambiwe kama askari binti anapona.

Mama mkwe ndiye aliyeitisha kikao. Alijifunga kanga mbili, akaenda mwenyewe chumba cha mbele na kubisha hodi mpaka akakaribishwa, akakaa humo muda mrefu. Kisha sote tukaitwa koridoni, wakubwa kwenye viti, wengine wima. Mama mwenye nyumba alikuwa na daftari mapajani.

"Mimi sijagombana na mtoto," alisema. "Mtoto ni mtoto. Mimi nauliza watu wazima. Wiki nzima nasikia kwenye chumba cha watu mwanamume anapaza sauti: mama mwenye nyumba mchawi, mama mwenye nyumba muuaji, msile chakula chake. Na nyinyi mnacheka. Nikasema labda nimesikia vibaya. Usiku wa pili anarudia. Nikamwogopa Mungu, nikasema nitapika tu. Sasa nijibuni, huyo mwanamume ni nani na nimemkosea nini?"

Nakumbuka nilitazama vidole vya miguu yangu. Fundi alitazama vyake. Ikabidi mama mkwe, ambaye kwa jicho moja alikuwa ameona kuliko sisi wenye mawili, aeleze: kuna sinema, kuna mwanamke wa Kikorea, kuna mtafsiri asiye na adabu. Mwenye nyumba akasikiliza. Kisha akatoa hukumu. Fundi alipe kilo moja ya nyama. Chumba chetu kilipe nyingine, kwa sababu televisheni ni yetu. Na hiyo sinema ataiona kwa macho yake, leo, kuanzia mwanzo, ajue kafananishwa na nani.

Alikalia kiti pekee chenye mgongo. Tukaanza upya sehemu ya kwanza, saa tatu ikapita na hakuna aliyetaja karatasi ya chooni.

Sijawahi kuona sinema ikichambuliwa na mtu wa fani namna ile. Damu wala hakuitazama. Alitazama jengo. "Dari linavuja na bado anapangisha? Mimi nisingethubutu." Mwenye nyumba wa Kikorea akifungua mlango wa mpangaji kwa ufunguo wake wa akiba: "Hilo la kawaida," na sisi tukatupiana macho. Jong-woo akipokelewa siku moja na kulala siku hiyohiyo: "Barua ya serikali ya mtaa iko wapi? Mdhamini? Mpangaji anaingia na begi tu?" Alipoambiwa kodi inalipwa mwezi kwa mwezi, alikaa kimya akipiga hesabu, kisha akasema kwa huzuni ya kweli, "Mwezi mmoja mmoja. Basi lazima awale. Atapata wapi faida?"

Jambo lililomkera kuliko yote ni askari binti. Huyo, So Jung-hwa, anahangaika peke yake, wakubwa wake hawamsikilizi, na watu wanazidi kupotea. "Kwani hawana mjumbe?" Hawana, mama. "Nyumba kumi zote hakuna mjumbe?" Akatikisa kichwa. "Pale pangekuwa na mjumbe hii sizoni ingeisha leo." Mama mkwe akaunga mkono, na tangu hapo wakawa wanakaa pamoja, wamejifunika kanga moja, wakigawana kashata, mmoja akiuliza na mwingine akilaani.

Ambaye hajaiona aruke hapa. Katikati ya sehemu ya kumi, Jong-woo akiwa ametapakaa damu na haijulikani ni ya nani, luku ikakata. Giza. Kwa kawaida hapo huanza ugomvi wa zamu ya nani kununua. Mama mwenye nyumba akatoa simu yake, akanunua yuniti kwa fedha yake, akazisoma namba kwa sauti huku fundi akizibonyeza, na umeme ukarudi. Tukaona mwisho: kwamba kijana alitoka hai, kwamba hadithi aliyowasimulia polisi ina matundu, na kwamba bangili ya meno sasa iko kwenye mkono wake. Sebule ikalipuka. Fundi alisema kijana kasingiziwa. Mama Naimani alisema Daktari Meno ndiye aliyemfundisha, kwa hiyo dhambi ni ya daktari. Mama mkwe alisema angekuwa na wa kula naye yasingemkuta. Mwenye nyumba alisema yeye alijua toka siku ile alipoingia bila barua.

Halafu akamwuliza wifi, "Huyo mama, yule mwenzangu, ndiye nani hasa?"

Ndiye Lee Jung-eun, wifi akamwambia, mwigizaji mkubwa, na mwaka huohuo wa 2019 alikuwa kwenye Parasite ya Bong Joon-ho, iliyochukua tuzo ya juu Cannes na Februari iliyofuata ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupewa Oscar ya filamu bora. Mwenye nyumba akaitaka. Wifi akaileta siku iliyofuata, na ningemzuia kama ningejua. Kwa sababu kwenye Parasite, Lee Jung-eun ni mfanyakazi wa ndani kwenye jumba la tajiri, mwaminifu, mnyenyekevu, na inapofika katikati unagundua kwamba kwa miaka amemficha mumewe kwenye handaki chini ya jumba hilo, anamlisha, na mwenye nyumba hana habari.

Mama mwenye nyumba alisimama kabla picha haijaisha. Hakusema kitu. Alitazama mkeka ulipotandikwa, akatazama mabegi yaliyopangwa nyuma ya kochi, akaaga vizuri.

Asubuhi tukasikia hodi ikianzia chumba cha nne. Hodi ya daftari. Kwa fundi alimkuta mpwa amelala chini ya meza ya kukatia vitambaa, akamwandika. Kwa Mama Naimani hakukuwa na mtu wa ziada, ila alikaa akachungulia mpaka uvunguni. Kwetu mama mkwe alikuwa anakunywa chai, na wifi bado kajifunika shuka.

"Huyu?"

"Anapita tu, mama."

"Anapita toka lini?"

Nikamtazama mama mkwe, mwenzake wa kashata na kanga moja, nikitegemea neno. Mama mkwe akapuliza chai yake. "Mwandike, dada," alisema, "na mimi niandike. Haki ni haki." Mahali palipokuwa na 4 pakawa 6, na baba watoto, aliyekuwa ananyoa, akasimamisha wembe katikati ya shavu.

Chumba cha sita ndicho kilichochukua muda. Hakukuwa na kichwa cha ziada. Chini ya kitanda cha kijana wa bodaboda kulikuwa na jiko la umeme la sahani mbili, limefunikwa kwa koti la mvua, na bado lina uvuguvugu. Mama mwenye nyumba alilitoa mwenyewe, akalifuta vumbi, akalibeba kupitia koridoni mbele yetu wote mpaka chumba cha mbele. Hajalirudisha. Siku za Ijumaa biriani sasa inawahi, na luku inakwisha mapema kuliko zamani, lakini nani ataanza kuuliza?